Mitt Romney na Umormoni: kilichomlea ndicho alichokificha

Fundi Saa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye daladala ya Mbezi nilikaa karibu na vijana wawili wa Kizungu, mashati meupe, tai, beji nyeusi kifuani. Mmoja akamwita mwenzake "Mzee". Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaguna: mzee wa nini huyu, hata ndevu hajaota? Gari zima tukacheka, na wao wakacheka. Ni wamisionari wa Kimormoni, kanisa lililoanzia Marekani, na huo Uzee ni cheo chao, unapewa ukiwa na miaka kumi na nane, kumi na tisa.

Kijana wa namna hiyo hiyo aliwahi kugonga milango ya Ufaransa kwa miezi 30 kuanzia 1966. Anaitwa Mitt Romney. Mwaka 2012 akagombea urais wa Marekani dhidi ya Obama. Mimi siku hizo nilikuwa wa Obama kama mtaa wetu wote, kwa hiyo msije mkasema nampigia debe. Ila nimemsoma sana baadaye, na hoja yangu ni hii: dini ile ilimjenga Romney kuliko Harvard na kuliko fedha zake, halafu alipogombea ndiyo hasa aliyolazimika kuifunika. Tukabaki tunamtazama mtu aliyenyooshwa kama shati lake, hatujui ndani kuna nani.

Tumalize kwanza lile la wake wengi maana najua ndiyo mnalisubiri. Romney ana mke mmoja, Ann, walioana 1969. Kanisa lao lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, na muumini akiongeza mke leo anafukuzwa. Lakini mitala imo kwenye ukoo. Baba wa babu yake, Miles Park Romney, alikuwa na wake kadhaa. Serikali ya Marekani ilipotunga sheria mwaka 1882 ya kuwafunga wenye mitala, akakimbilia Mexico na familia zake. Huko Chihuahua ndiko alikozaliwa George, baba yake Mitt, mwaka 1907 (wazazi wa George walikuwa mume mmoja mke mmoja). Mwaka 1912 mapinduzi ya Mexico yakawafurusha, wakarudi Marekani mikono mitupu. Yaani yule tuliyemwona tajiri wa kurithi, baba yake alikuwa mtoto wa mkimbizi.

Na ukirudi nyuma zaidi ni damu. Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri rasmi kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku chache baadaye wakauawa watu 17 mahali panapoitwa Haun's Mill. Amri ile haikufutwa hadi 1976! Mitt alikuwa ameshamaliza Harvard. Mwanzilishi wao, Joseph Smith, aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, Illinois, Juni 1844, na wakati huo naye alikuwa mgombea urais. Kwenye ilani yake alitaka serikali iuze ardhi yake ili kuwalipa wenye watumwa na watumwa waachiwe ifikapo 1850. Mtoto wa Kimormoni anakua akisimuliwa haya kama sisi tulivyosimuliwa Majimaji. Anajua kwamba jirani mwema anaweza kugeuka. Anajifunza kutabasamu, kuvaa vizuri, kutii sheria za nchi, na kutosema mambo ya nyumbani mbele ya wageni.

Sasa Ufaransa. Hebu mfikirie kijana wa miaka 19, mtoto wa gavana wa Michigan, anapelekwa Bordeaux kuwaambia watu waache mvinyo. Bordeaux! Ni kama kwenda Lamu kuwakataza kahawa. Milango ilifungwa usoni mwake kutwa. Juni 1968 alikuwa anaendesha gari karibu na Bazas, gari lililotoka upande wa pili likawavaa. Mke wa rais wa misheni (mkuu wa wamisionari wao huko), aliyekuwa amekaa naye mbele, akafariki. Askari wa Kifaransa alimwona Romney alivyolala akaandika kwenye pasipoti yake kwamba amekufa. Akapona. Rais wa misheni alipokwenda Marekani kumzika mkewe, Romney na kijana mwenzake ndio walioiendesha misheni kwa muda. Ana miaka 21.

Halafu uaskofu. Kwa Wamormoni hakuna padri wa mshahara. Askofu wa mtaa ni mtu yeyote mwenye kazi yake, anaitwa na kupewa jukumu kwa miaka kadhaa, halafu anarudi kukaa kwenye benchi na wenzake. Romney alikuwa askofu huko Belmont, Massachusetts, 1981 hadi 1986, kisha rais wa kigingi cha Boston hadi 1994, yaani msimamizi wa makusanyiko kadhaa. Miaka hiyo hiyo ndiyo aliyoanzisha kampuni ya uwekezaji, Bain Capital (1984). Asubuhi ananunua makampuni, jioni yuko sebuleni kwa mtu aliyeachishwa kazi wanapiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Kuna kisa kimoja siwezi kukisahau. Mwaka 1979 kulikuwa na mvulana wa miaka 14 katika kanisa lao, ana saratani, anajua anakufa. Akamwomba Romney, kwa kuwa alisomea sheria, amsaidie kuandika wosia. Romney akaja hospitali na daftari la karatasi za njano, akakaa naye, wakagawa mali: ubao wa kuteleza na vifaa vya kuvulia samaki kwa marafiki, bunduki kwa ndugu yake. Alipofariki, Romney ndiye aliyesema maneno ya mazishi.

Wazazi wa kijana walisimulia haya wenyewe jukwaani Tampa, Agosti 2012, kwenye mkutano mkuu wa Republican. Ukumbi ulilia. Lakini walipewa nafasi kabla ya ile saa ambayo televisheni kubwa zinarusha moja kwa moja. Hiyo saa yenyewe, taifa zima linaangalia, akapewa mwigizaji Clint Eastwood, akaongea na kiti kitupu eti Obama amekikalia.

Hapo ndipo ninapomwona Romney mzima. Jambo bora kuliko yote maishani mwake lilitokea ndani ya kanisa ambalo wapiga kura walikuwa wanaliogopa, kwa hiyo likasogezwa pembeni. Karibuni.

Kijiwe Nongwa

Nondo hizi. Nakaa mkao wa kula.

Mwana wa Mchungaji

Mkuu umeandika vizuri ila umeremba. Wapiga kura hawakuwa wajinga kuhoji. Mormoni si Ukristo tunaoujua. Hawakubali Utatu kama makanisa mengine yanavyoufundisha, wana kitabu kingine juu ya Biblia, wana nabii aliye hai Salt Lake City. Mimi nikiambiwa mgombea anaamini kuna nabii anayesema kwa niaba ya Mungu, nina haki ya kuuliza: nabii akisema A na katiba ikasema B, utafuata ipi?

Fundi Saa

Swali halali kabisa, ndugu Mwana wa Mchungaji, na ndilo lile lile aliloulizwa Kennedy kuhusu Papa. Septemba 1960 Kennedy alikwenda Houston akawaambia wachungaji kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, ni mgombea wa Democrat ambaye kwa bahati ni Mkatoliki. Romney naye alikwenda Texas, tarehe 6 Desemba 2007, kwenye maktaba ya Bush mkubwa. Hotuba nzima juu ya imani, neno "Mormoni" akalitamka mara moja tu. Akasema viongozi wa kanisa lake hawatamwamulia mambo ya urais, lakini pia hataikana imani ya baba zake.

Tofauti yake na Kennedy ni kwamba Kennedy aliweza kusema dini yangu ni jambo langu, basi. Romney alikuwa anaomba kura za walokole, na walokole hawataki mgombea anayeficha dini, wanataka anayeitangaza. Akitangaza yake wanamkimbia, akinyamaza wanamshuku. Mwezi huo huo Mike Huckabee, mchungaji wa Baptisti anayegombea naye, akamuuliza mwandishi wa gazeti kama si kweli kwamba Wamormoni wanaamini Yesu na shetani ni ndugu. Baadaye aliomba radhi, lakini mwezi uliofuata ndiye aliyeshinda Iowa. Mwaka 2011 mchungaji mmoja mkubwa wa Dallas, Robert Jeffress, akasema hadharani ile ni dini potofu.

Gallup, wapima kura za maoni, waliwauliza Wamarekani 1967, George Romney alipokuwa anajiandaa kugombea: asilimia 17 walisema hawawezi kumpigia kura Mmormoni. Wakauliza tena 2012, zamu ya mwanawe. Asilimia 18. Miaka 45 hakuna kilichosogea.

Mwana wa Mchungaji

Na bado walokole walimpigia.

Fundi Saa

Walimpigia, karibu wanane kati ya kumi kwa walokole weupe, sawa na walivyompa Bush 2004. Oktoba 2012 alikutana na Billy Graham, mhubiri maarufu wa kilokole, na siku chache baadaye shirika la Graham likaondoa Umormoni kwenye orodha yake ya dini potofu mtandaoni. Imani ya watu ni kitu cha ajabu wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Bi Mkasi

Mimi nimekwama pale pale kwenye kahawa. Kwa hiyo huyo baba hanywi kahawa wala chai? Hata ya rangi? Mgeni asiyekunywa chai kwetu Tanga utamkaribisha na nini, maji ya bomba?

Fundi Saa

Bi Mkasi, hapana kahawa, hapana chai ya majani, hapana pombe, hapana sigara. Wanaita Neno la Hekima. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanafunga milo miwili, fedha ya hiyo milo inakwenda kwa maskini. Hapo ongeza fungu la kumi. Romney alipobanwa akatoa hesabu zake za kodi, ilionekana kwa miaka miwili, 2010 na 2011, kanisa lilipata kutoka kwake kama dola milioni 4.

Kumbakumba

Mkuu, mbona unaturuka? Hizo hizo hesabu zilionyesha 2010 alipata dola milioni 21 na ushee, akalipa kodi ya asilimia 14 hivi, chini ya muuguzi. Harry Reid si alimlipua bungeni?

Na twende kwenye mimba. 1994 anagombea useneta dhidi ya Ted Kennedy: sheria ya utoaji mimba ibaki. 2002 anataka ugavana: ibaki. Kufika 2005 anauwinda urais: mimi napinga utoaji mimba. Sasa hiyo dini iliyomjenga ilikuwa wapi? Kinyonga huyo, shati jeupe tu.

Fundi Saa

Kumbakumba, pigo la haki. Sitamtetea kwamba hakubadilika, alibadilika, na kalenda inamsuta.

Ila angalia kitu. Kanisa lake linapinga utoaji mimba lakini linaacha mlango wa ubakaji, zinaa ya maharimu na uhai wa mama. Na kwenye mdahalo wa 1994 alitaja ndugu wa karibu wa familia yao aliyekufa kwa kutoa mimba kwa njia haramu. Upande mwingine kuna uaskofu wake: wakati wa kampeni hiyo mwanamke mmoja alisimulia magazetini kwamba alipokuwa mjamzito bila mume, Romney alimbana amtoe mtoto kwa kulelewa na familia nyingine. Romney alikana kwamba alimtisha. Wanawake wa kanisa lile walikuwa na malalamiko mengi hata kabla, na 1993 aliwaita kwenye mkutano, akakaa anaandika manung'uniko yao moja moja, mengine akayatekeleza. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kuna mchungaji mgumu, kuna msikilizaji, na kuna mfanyabiashara anayesoma soko. Mimi nadhani Bain ilimfundisha kwamba msimamo ni bidhaa, unabadilishwa kulingana na mteja. Kanisani hakufundishwa hivyo.

Kuhusu Reid: hapo ndipo pazuri. Reid alikuwa kiongozi wa Democrat kwenye Seneti, mtoto wa mchimba madini kutoka Searchlight, Nevada. Alidai Romney hakulipa kodi miaka kumi, tuhuma ambayo hakuithibitisha hata siku moja. Unajua dini ya Reid? Mmormoni.

Kijiwe Nongwa

Weeee!

Safari ya Uvira

Ndugu zangu, mimi niko huku huku Salt Lake City. Nimetoka Uvira, nikakaa Nyarugusu miaka mingi, ndipo tukaletwa Utah. Wakongo na Warundi tuko wengi hapa. Mimi si wa kanisa hilo, ni Mpentekoste, lakini naishi katikati yao, basi naomba niseme ninachokiona.

Kwanza wao hawapendi tena jina Mormoni. Mwaka 2018 nabii wao wa wakati huo, Russell Nelson, aliwaagiza watumie jina lote: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ukisema Mormoni hawagombani na wewe, wanatabasamu tu. Fundi Saa umesema kweli juu ya hilo tabasamu.

Pili, jambo la msaada. Tulipofika, mume wangu hakuwa na kazi. Askofu wa mtaa, ambaye mchana anauza bima, alikuja na gari imejaa unga, maharage, nyama ya kopo, sabuni. Hatukuwa washirika wake. Siku ya pili akarudi akamuuliza mume wangu: wewe unajua kufanya nini? Akampeleka kwenye ghala lao la chakula, akawa anasaidia kupanga masanduku mpaka alipopata kazi ya kweli. Ndiyo desturi yao, unapewa lakini unawekewa kitu mkononi ukifanye. Mama mzee wa jirani aliniambia mpango huo ulianza 1936, wakati wa njaa kuu ya uchumi. Sasa ukimlea mtoto hivyo, akikua atafikiri serikali yote ingekuwa kama ghala la askofu.

Tatu, msidhani wote ni Romney. Mike Lee, seneta wa hapa Utah, kanisa lile lile, misheni alikwenda vilevile, lakini siasa zao ni usiku na mchana. Mwezi wa tano 2021 Romney, wakati huo naye seneta wa Utah, alisimama mbele ya mkutano wa chama chake hapa Utah, watu wa kanisa lake mwenyewe wakamzomea. Walileta hoja ya kumlaani rasmi kwa kura zake dhidi ya Trump: 711 waliiunga mkono, 798 waliikataa. Aliponea hapo.

Bi Mkasi

Dada Safari ya Uvira, karibu sana. Hilo la ghala limenigusa.

Kumbakumba

Asante dada, umetufungulia. Na hapo ndipo nimshike Fundi Saa. Aliyesaidia walioachishwa kazi na wagonjwa kwa mikono yake, aliwezaje kusimama mbele ya matajiri Florida, Mei 2012, akasema asilimia 47 ya Wamarekani wanategemea serikali na wanajiona wahanga, na kazi yake si kuhangaika nao?

Fundi Saa

Dada ameshakujibu nusu. Mtu aliyelelewa kwenye ghala la askofu anaona msaada una sura: anayetoa namjua, anayepokea namjua, kesho atapanga masanduku. Msaada wa serikali hauna sura, ni hundi kutoka ofisini. Akiwa askofu, maskini ana jina na watoto. Akiwa mgombea, maskini akawa asilimia. (Na matokeo yalipojumlishwa Novemba, kura zake mwenyewe zilikuwa asilimia 47. Nani aliyeandika mchezo huu?)

Ila msimwekee dini kila kitu. Ni huyo huyo aliyesaini, akiwa gavana, sheria ya bima ya afya Massachusetts, Aprili 2006, ambayo Obama aliichukua kama kielelezo. Halafu 2012 akawa anakimbia mtoto wake mwenyewe.

Mjukuu wa Kinjekitile

Mmenyamazia kubwa kuliko yote. Mpaka 1978 kanisa hilo lilikuwa haliwapi weusi ukuhani. 1978! Sisi tumeshapata uhuru, tumeshavunja Jumuiya ya Afrika Mashariki, wao ndiyo wanapata ufunuo kwamba mtu mweusi naye anafaa. Romney alikuwa na miaka 31 wakati huo, mtu mzima, ametumikia misheni, amekaa kwenye benchi zile bila neno. Na wakati wenzake wanakufa Vietnam yeye alikuwa na kibali cha mmisionari. Kabla ya hapo akiwa Stanford, 1966, aliandamana kuunga mkono wenzake waandikishwe jeshini! Mtu wa namna hiyo sitaki kusikia kisa cha wosia.

Fundi Saa

Mkuu, yote uliyoandika ni kweli. Juu ya 1978 yeye mwenyewe alisema kwenye televisheni Desemba 2007 kwamba alisikia habari redioni akiwa anaendesha, akasimamisha gari pembeni akalia. Namwamini alilia. Lakini machozi ya kufurahi kwamba wakubwa wamebadilisha si sawa na kupiga kelele kabla hawajabadilisha, na sijaona mahali alipopiga kelele.

Baba yake ndiye aliyepiga. George aliandamana Grosse Pointe mwaka 1963 kudai haki za weusi akiwa gavana. Januari 1964 mmoja wa mitume wa kanisa, Delbert Stapley, akamwandikia barua kumtahadharisha aachane na mambo ya haki za kiraia. George akaendelea. Akakataa kumuunga mkono Goldwater, mgombea urais wa chama chake, mwaka huo huo. Alikuwa Mmormoni kuliko mwanawe, mtu aliyefunga na kuomba kabla ya kuamua kugombea ugavana 1962, na kwa imani hiyo hiyo akapingana na mtume wake.

Kilichomponza ni mdomo. Agosti 1967 alisema kwamba majenerali na mabalozi walimjaza kasumba alipotembelea Vietnam. Neno moja tu, kasumba, na safari ya urais ikaishia njiani. Mitt alikuwa Ufaransa, ana miaka 20, akasoma habari za baba yake kuchekwa. Kwa hiyo mnapomwona 2012 anaongea kama anasoma maelekezo ya dawa, kumbukeni ana vidonda viwili: babu zake waliofukuzwa kwa dini yao, na baba aliyezama kwa ukweli wake.

Na kwa kuwa tumefika Afrika: Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia kwenye uongozi mkuu wa kanisa hilo ni Mkenya, Joseph Sitati, 2009. Kinshasa wana hekalu tangu 2019. Tuseme wamechelewa, lakini wamekuja.

Mjukuu wa Kinjekitile

Wamekuja kwetu kwa sababu kwao watu wanapungua benchini. Ila la George nilikuwa silijui. Heshima.

Mwana wa Mchungaji

Fundi Saa, umetaja kuficha tu. Lini alifichua?

Fundi Saa

Tarehe 5 Februari 2020. Trump anashtakiwa kwenye Seneti, Romney ni seneta wa Utah, ana miaka 72, hana urais wa kuutafuta. Maseneta wanapokaa kama mahakama wanaapa mbele ya Mungu watatenda haki bila upendeleo. Akasimama kwenye ukumbi karibu mtupu akasema yeye ni mtu wa dini sana, na kiapo mbele ya Mungu kwake ni jambo zito mno. Kisha akanyamaza. Kooni kumejaa. Ukiangalia ile video, zile sekunde anatafuta sauti yake, huyo ndiye mtu aliyeandika wosia wa mtoto. Akapiga kura kwamba Trump ana hatia kwenye shtaka la kwanza, la kutumia vibaya madaraka. Seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake.

Kwa Mmormoni kuapa si maneno. Hekaluni wanaweka maagano, kila muumini mzima anajua amejifunga kwa nini. Aliyekuwa spika wa bunge la jimbo la Arizona, Rusty Bowers, wa kanisa hilo hilo, naye alipoombwa asaidie kupindua matokeo ya 2020 alikataa, akaeleza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Juni 2022 kwamba katika imani yake katiba imevuviwa na Mungu. Sasa Mwana wa Mchungaji, uliuliza nabii akisema A na katiba ikasema B. Hao wawili wamelelewa kuamini kwamba katiba nayo ni A.

Kumbakumba

Subiri kidogo, usitupambe. Machi 2016 Romney alimwita Trump tapeli. Novemba, Trump kashinda, Romney huyo yuko New York anakula naye miguu ya chura mezani, anautaka uwaziri wa mambo ya nje. 2018 anagombea useneta, Trump anamwunga mkono kwenye Twitter, anasema asante. Kiapo kilikuwa likizo?

Na Mike Lee aliapa kiapo kile kile. Maagano yale yale. Akapiga kura ya kumwachia. Kwa hiyo malezi hayajaeleza kitu, yameeleza Romney wa siku moja.

Fundi Saa

Miguu ya chura nilikuwa nimeisahau kwa makusudi.

Nakubali, mkuu. Malezi hayakumlazimisha. Lee ana malezi yale yale. Ninachosema ni kidogo kuliko unavyonisoma: siku Romney alipoamua kumpinga chama chake, alipotafuta mahali pa kukanyaga, alipapata kule. Ile meza ya New York alikanyaga Bain.

Kumbakumba

Hiyo ya mwisho nimeipenda. Nakuachia, ila kinyonga ni kinyonga.

Safari ya Uvira

Siku ile ya kura jirani yangu, mama mzee wa kanisa lao, alilia jikoni kwake. Mumewe alikuwa sebuleni anamtukana Romney kwa televisheni. Wamekaa kwenye ndoa miaka hamsini na tatu. Jumapili nikawaona wanaingia kanisani pamoja, wamevaa vizuri, wanatabasamu.

Bi Mkasi

Dada yangu Safari ya Uvira, mimi bado niko na swali langu. Huyo mama mzee ukimtembelea anakupa nini?

Safari ya Uvira

Maji ya moto na chokoleti, ama maziwa. Lakini majani ya chai ndiyo yanakatazwa, mimea mingine hapana. Nilimpelekea mchaichai nilioupanda kwenye kopo dirishani. Sasa kila wiki anatuma mjukuu wake kuuomba.